Siku Shangazi Alipovunjika Mkono

Mama Cheche hana mtoto anayeitwa Cheche. Wanawe ni wawili, wote wameshatoka nyumbani, mmoja ni mwalimu na mwingine anauza dawa za mifugo, na wana majina mazuri waliyorithi kwa babu zao. Jina la Cheche lilitoka kwenye kazi. Mgeni akifika mtaani akamuulizia, huambiwa afuate harufu ya chuma kinachoungua mpaka amwone mwanamke mnene aliyevaa aproni ya ngozi, koti lenye matundumatundu kama lililoliwa na mende, na kofia ya kuchomelea iliyofunuliwa juu ya paji la uso kama mdomo wa kiboko. Huyo ndiye. Na mgeni akishamwona, mara nyingi hutazama nyuma yake kumtafuta fundi.

Hakuzaliwa na moto mkononi. Alipoolewa alikuwa fundi cherehani, tena mzuri, wa magauni na sare za shule. Siku moja meza ya chuma ya cherehani yake ilikatika mguu, akaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akichomelea mageti barabarani. Mguu ukaungwa. Ukakatika. Akarudi, ukaungwa, ukakatika tena. Mara ya mwisho alisimama mikono kiunoni, akamweleza mzee kwa utulivu kila kitu alichoona kuwa amekosea, kuanzia kutu ambayo hakuisugua. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia yake.

"Dada," akasema, "kama unaona ni rahisi, kofia hii hapa."

Akaivaa. Mshono wake wa kwanza ulitoka vinundu vinundu, na mzee alipougonga kutoa ganda, alisema kuku wake wakihara hupanga vizuri zaidi. Mtu mwingine angekwenda zake. Yeye alirudi kesho yake, na keshokutwa, kwanza kwa hasira, kisha kwa kupenda. Mzee alipoamua kurudi kulima, alimwachia mashine, wateja, na kofia. Cherehani ikafunikwa kitambaa, ikawa mahali pa kuwekea redio.

Mumewe ni kinyozi. Ni mtu mpole anayekubaliana na kila anayezungumza, kwa sababu maisha yake yote amefanya kazi akiwa na wembe karibu na masikio ya watu, na amejifunza kwamba mteja habishiwi, asije akageuza shingo. Upole huo una raha yake ndani ya nyumba. Ubaya wake ulikuwa mmoja: mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi mbali, kila alipopiga simu aliuliza, "Mkeo bado anashona?" na kinyozi alijibu, "Bado, mama." Moyoni hakujiona mwongo. Mkewe kila jioni alikuwa akizungumzia mishono. Kwamba mishono yenyewe ilikuwa ya chuma, hakuulizwa.

Basi mama mkwe akasema anakuja kukaa kidogo.

"Nikuelewe vizuri," Mama Cheche alimwambia mumewe. "Unataka nifiche mtungi wa gesi chini ya kitanda?"

"Si mtungi, mke wangu. Maneno tu. Mama ana presha."

Mama mkwe hakuwa na presha yoyote. Alishuka kwenye basi wima kama mwiko, amebeba mwenyewe mzigo wake, na ndani ya mzigo huo kulikuwa na blanketi la sufu, zito kama mlango, la rangi ya kahawia, alilonunuliwa na marehemu mumewe. Alisema hawezi kulala bila hilo, hata wakati wa joto. Usiku wa kwanza ilibidi kinyozi amsaidie kulikunjua.

Mama Cheche akaanza kutoka asubuhi akiwa na gauni safi, akibadilisha nguo kwenye kibanda chake cha kazi. Lakini nguo za kufua hazina siri. Mama mkwe aliinua koti moja kutoka kwenye beseni, akalitazama juani, akaona mwanga ukipita mahali pengi.

"Mwanangu," akauliza, "ni kitambaa gani hiki unachoshona, mpaka kinakutoboa nguo hivi?"

"Ni kizito, mama," akajibu Mama Cheche, na hapo hakusema uongo.

Sasa, nje ya mji kulikuwa na machimbo ya mawe, na katika machimbo hayo kulikuwa na mashine ya kuchimbia, ile yenye mkono mrefu na kijiko chenye meno. Wafanyakazi waliiita Shangazi. Ilifika bila taarifa, imeshatumika kwingine, ikakaa, na tangu ilipokuja hakuna mtu aliyepumzika. Ilikuwa na nyonga pana, ilikuwa ikigeuka kwa kelele, na ikimgonga mtu haiombi radhi. Mama Cheche aliipenda. Lakini Shangazi alikuwa na ugonjwa: ufa kwenye mkono, karibu na kiwiko, uliokuwa ukizibwa na kufunguka, ukizibwa na kufunguka.

Watu walisema chuma ni kibovu. Mama Cheche alijua ubovu uko wapi. Ulikuwa kwa msimamizi wa machimbo, mtu mwembamba ambaye hata kwenda chooni alikuwa akikimbia. Malori yakishapanga foleni, yeye hutazama saa kila dakika. Mara ya mwisho, chuma kikiwa bado kinafuka, alimwagiza dereva wa Shangazi akimwagie ndoo ya maji ili kipoe upesi. Chuma kilisonya kama mama wa kambo. Wiki haikuisha, ufa ukarudi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," msimamizi alipenda kumwambia kila alipomwita.

"Na ukiuziba kwa pupa utauziba kila siku," alijibu Mama Cheche. "Safari nyingine mtu akija na ndoo, nitamchomelea ndoo hiyo kichwani."

Asubuhi moja wote watatu walikuwa mezani wakinywa chai, simu ikalia. Mikono ya Mama Cheche ilikuwa na siagi, akabonyeza kwa kiwiko, na sauti ya dereva, aliyezoea kushindana na injini, ikajaa chumba kizima.

"Mama Cheche, njoo haraka. Shangazi amevunjika mkono tena."

Kinyozi alipaliwa na chai. Mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Shangazi wa nani?"

"Wa... wa kazini," kinyozi alisema akikohoa.

"Mtu mzima?"

"Si mdogo," alisema Mama Cheche.

"Maskini. Na ni mara ya pili? Mifupa ya uzeeni haiungi vizuri. Nani anamtibu?"

"Nitakwenda kumtazama mimi mwenyewe, mama."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa macho mapya. Mpaka siku hiyo alikuwa amemwona kama mwanamke wa matundu matundu tu. "Nenda," akasema. "Vyombo nitaosha mimi."

Machimboni Mama Cheche hakugusa mashine ya kuchomelea kwanza. Alikwangua rangi yote kwa grainda mpaka chuma kikabaki uchi. Akakifuta kwa mafuta ya taa, akakikausha, akapaka unga wa chaki, akasubiri. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakapanda kwenye chaki, yakachora mstari mweusi mwembamba. Ufa ni kama uvumi, unaousikia ni mfupi kuliko uliopo. Huu ulikuwa umetambaa hadi chini ya kiwiko, mahali ambapo hakuna aliyeushuku. Alitoboa tundu kila mwisho wake ili usiendelee kutembea, kisha akauchimba wote kabisa, kina chake chote, mpaka mahali pa ufa pakawa na mfereji safi. Dereva, aliyekuwa akimwangalia, alisema anaona kama hali inazidi kuwa mbaya.

"Jino bovu halijazwi bila kukwanguliwa," Mama Cheche akamwambia. "Shika bomba hili la gesi."

Wakapasha chuma moto, polepole, mpaka tone la maji likidondoshwa juu yake linarukaruka na kutoweka. Ndipo akateremsha kofia. Alichomelea vipande vifupi vifupi, huku na huku, akigonga kila kimoja kwa nyundo ndogo kabla ya kuweka kingine. Msimamizi alipita mara nyingi. Kila akipita alitazama saa yake, na Mama Cheche, ndani ya kofia, aliona miguu yake tu ikicheza.

Kazi ilikwisha baada ya adhuhuri, mshono umelala vizuri kama magamba ya samaki. Hapo upepo ukageuka. Upepo wa mvua, wenye baridi, uliokuja moja kwa moja kutoka upande wa bonde. Chuma kilichochomelewa hakitaki baridi ya ghafla. Kinajibana upande mmoja kabla ya mwingine na kupasuka pale pale pembeni mwa mshono. Mama Cheche akaomba turubai lake la moto, lile analofunikia kazi ili ipoe taratibu.

Dereva alitazama chini. Alikuwa amelitumia kulalia chini ya lori wakati akibadilisha mafuta. Lilikuwa limelowa mafuta kiasi kwamba ungeliweka juu ya chuma cha moto, ungemfunika Shangazi kwa moto wa kupikia.

Mama Cheche alilisukuma turubai kando kwa mguu. Alipiga simu kwa mumewe.

"Lete blanketi zito lolote kutoka nyumbani. Sasa hivi. Shangazi asipigwe na upepo."

Kinyozi wakati huo alikuwa na mteja kitini, dereva wa pikipiki, aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa. Mteja aliposikia kuna safari, alisema hakai pale na nusu kichwa kumsubiri mtu, atampeleka yeye. Wakaruka kwenye pikipiki, kinyozi akiwa bado na kitana mkononi. Nyumbani alifungua kabati, akakuta mablanketi ya kwao, mepesi kama leso. Mama yake akatokea mlangoni.

"Unatafuta nini?"

"Blanketi, mama. Shangazi... anapigwa na upepo."

Mama mkwe aliingia chumbani kwake, akatoka na blanketi la sufu. "Mpelekee. Mgonjwa kwanza."

Hapo ndipo mtu mkweli angesema. Kinyozi alisema tu, "Asante, mama." Akalipokea, akakumbatia mzigo ule kama mwizi aliyeshikwa na huruma, wakaondoka.

Machimboni, Mama Cheche aliuona mzigo, akaujua.

"Hili ni la mama."

"Amelitoa mwenyewe."

"Kwa nani?"

Kinyozi akatazama mawe. Upepo ulizidi, matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Mama Cheche alipanga vipande vya bati kuzunguka mkono wa Shangazi ili sufu isiguse mshono, akaviringisha blanketi juu yake, akafunga kwa waya, na juu ya hapo akaweka karatasi la nailoni kuzuia mvua. Harufu ya mbuzi aliyekaribia moto ikaenea. Akamwambia mumewe arudi nyumbani, akamweleze mama yake ukweli wote, leo hii.

Alikuwa bado hajapanda pikipiki, na tayari amechelewa. Mama mkwe alikuwa ameshachemsha supu, akaijaza kwenye chupa, akajitanda vizuri, na kumsimamisha dereva wa gari dogo la mizigo kumuuliza ni wapi anapofanya kazi Mama Cheche, kwani jina hilo alikuwa amelisikia kwenye simu. Dereva akasema amesikia yuko machimboni, naye mwenyewe alikuwa akienda huko kuchukua kokoto, akampandisha. Getini mama mkwe alimsalimia mlinzi, akamwambia amekuja kumjulia hali Shangazi aliyevunjika mkono.

Mlinzi aliona ni mwanamke mwenye moyo wa pekee. "Yule pale, mama," akasema, akinyoosha kidole.

Mama mkwe alitazama kidole, akatazama kilichoonyeshwa. Aliona lidude la njano, kubwa kuliko nyumba yake, limeinamisha mkono chini, na mkono huo umevishwa blanketi la marehemu mumewe, limefungwa waya. Kando yake alisimama mwanawe na kitana. Kando ya mwanawe alisimama mtu mwenye nywele upande mmoja. Na kando ya wote alisimama mkwewe, ndani ya ngozi, na mdomo wa kiboko juu ya kichwa.

Alitembea polepole hadi hapo.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Cheche.

"Marahaba." Akalinyooshea lidude kidole. "Shangazi mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Na wewe ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo hii. Miaka mingi sasa."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. Kinyozi, ambaye siku zote hukubaliana na kila mtu, alitikisa kichwa kukubali kabla hajaambiwa lolote.

"Nakuja kwako baadaye," mama yake akasema. "Usiondoke." Akamrudia mkwewe. "Na blanketi langu linafanya nini pale juu?"

Mama Cheche akamweleza kama angemweleza fundi mwenzake. Kwamba chuma kimetoka kwenye moto mkali. Kwamba kikipoa ghafla kitapasuka tena, kama kilivyopasuka mara zote. Kwamba kinatakiwa kipoe kwa hiari yake, mpaka mtu aweze kukishika kwa kiganja. Kwamba yeye amekosa, alipaswa kumpigia mama simu na kuomba mwenyewe.

Mama mkwe alisikiliza, akinusa. Wakati huo huo msimamizi alifika mbio, mvua ikiwa imekatika, saa imeinuliwa usoni.

"Imekwisha? Vizuri. Dereva, vua hiyo nguo, panda, malori yamejaa mpaka barabarani."

Dereva akashika ncha ya waya.

"Kijana," alisema mama mkwe.

Hakupaza sauti. Dereva aliuacha waya kana kwamba una moto, na kwa kweli ulikuwa na moto.

"Hilo blanketi ni la nani?"

Dereva alimtazama msimamizi. Msimamizi alimtazama Mama Cheche. "Ni la fundi, nadhani."

"Ni langu. Limelala nami tangu nikiwa na meno yote. Na mimi sijasema litoke."

"Mama, heshima yako," msimamizi alianza, miguu ikicheza, "lakini malori yanasubiri."

"Yamebeba nini?"

"Hayajabeba kitu. Yanasubiri mawe."

"Na mawe yakikaa yanaoza?"

Msimamizi akafikiri. "Hayaozi, mama."

"Haya. Nitafutie pa kukaa."

Mlinzi alikuwa ameshaleta kiti chake mwenyewe cha getini. Mama mkwe alikiweka mbele kabisa ya mkono wa Shangazi, akakaa, chupa ya supu mapajani. Msimamizi alizunguka kushoto, akakuta macho yake. Akazunguka kulia, akakuta macho yake. Alijaribu kumweleza habari za ratiba. Mama mkwe akamuuliza kama mama yake mzazi yuko hai, na kama anajua mwanawe hali chakula cha mchana, maana shingo yake inaonekana. Mwisho msimamizi alipewa kikombe cha supu, akakaa juu ya jiwe, akanywa. Wenye malori, walipoona msimamizi ameketi, jambo ambalo hawakuwahi kuliona, walizima injini mmoja mmoja.

Kinyozi, kwa kuwa alikatazwa kuondoka na hakuwa na la kufanya, alimalizia kichwa cha mteja wake kwa wembe wa mfukoni, akitumia kioo cha pembeni cha lori. Mama yake aliongea naye wakati huo huo, akijua hawezi kukimbia na wembe umo kazini. Aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Watu waliokuwa karibu wanasema kila baada ya sentensi kinyozi alijibu, "Kweli, mama," na kwamba mteja naye, kwa woga, alikuwa akijibu hivyo hivyo.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Mama Cheche alipenyeza mkono chini ya blanketi, akakiweka kiganja juu ya mshono, akakiacha hapo. Akamwita mama mkwe naye aguse. Bibi aliweka mkono taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Umepoa," akatangaza, na hapo ndipo dereva aliporuhusiwa kufungua waya.

Shangazi aliinua mkono. Aliuteremsha kwenye mawe, akachota, akageuka kwa kelele zake, akajaza lori la kwanza, la pili, na yaliyofuata mpaka giza lilipokaribia. Mama Cheche alipaka chaki tena mwisho wa kazi. Hakukuwa na mstari. Ufa ule haukurudi, si wiki hiyo wala baadaye, ingawa Shangazi, kama wazee wote, alipata magonjwa mengine.

Blanketi lilikuwa na doa jeusi la kuungua, pana kama sinia. Njiani kurudi Mama Cheche alisema atalipeleka kwa fundi, au atanunua jingine. Mama mkwe alilikagua doa, akalinusa, akasema marehemu alikuwa mvuta kiko na alikuwa na matundu yake kwenye kila shuka, kwa hiyo atalala nalo hivyo hivyo. Kisha akauliza ile kofia huwa inaonyesha nini ndani. Mama Cheche akaitoa kwenye begi, akampa. Bibi aliivaa, akasema haoni kitu, ni giza tupu. Akaambiwa ndivyo inavyotakiwa, mpaka moto uwake. Akakaa nayo kichwani mpaka mlangoni, na majirani walimsalimia bila kumjua.

Aliondoka mwishoni mwa mwezi. Baada ya msimu mmoja akawaita kwake, akisema amewakumbuka. Mama Cheche alifurahi, alishona gauni jipya kwa cherehani aliyolazimika kuiondolea redio, akaacha vifaa vyote nyumbani ili apumzike. Walipofika, uwanja mzima ulikuwa umejaa watu na vyuma vyao: majembe yaliyokatika, vitanda, baiskeli, trela la trekta, na geti zima la shule. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yao kwenye kiti. Alikuwa ameazima mashine ya kuchomelea kwa mtu wa kijiji cha jirani, ameiweka chini ya kivuli, na ameshawaambia watu kwamba mkwewe anatengeneza mpaka mashine za kuvunja milima.

"Usiwe na haraka, mwanangu," akasema. "Kula kwanza. Hawa watasubiri, nimewazoesha."

Mama Cheche alilivua gauni lake jipya, akaazima koti kuukuu la shemeji yake, akaanza na geti. Kinyozi alizitazama nywele za waliokuwa kwenye foleni, akaona hali zao, akatoa wembe mfukoni.